Kihispania Hujifunzwa Mezani: Kiangazi cha Wanafunzi Wageni Mjini Salamanca



Nianze na hesabu. Chuo cha serikali ya Marekani kinachowafundisha maofisa wa balozi lugha za kigeni kinakadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza anahitaji kiasi cha saa 600 hadi 750 za darasani ndipo afanye kazi kwa Kihispania bila kubabaika. Kwa Kiswahili wanakadiria kama saa 900, jambo ambalo naliacha mlitafune wenyewe. Sasa chukueni kozi ya kawaida ya kiangazi huko Uhispania: wiki nne, siku tano kwa wiki, saa nne kwa siku. Zote pamoja ni saa 80. Hazifiki hata sehemu moja ya saba ya kinachotakiwa. Na bado kila mwaka, kati ya Juni na Agosti, maelfu ya vijana wanapanda ndege, wazazi wanalipa, na kijana akirudi anasifiwa kwamba sasa anakisema Kihispania kama maji. Ama kuna mtu anadanganya, ama kuna saa nyingine ambazo hazikuandikwa kwenye ratiba.

Saa hizo zipo, na ndizo zilizonileta hapa jioni hii. Kwa hiyo nitasema kidogo juu ya darasa na mengi juu ya chakula cha mchana.

Utaratibu wenyewe si wa jana. Mwaka 1907 serikali ya Uhispania iliunda bodi ya kuendeleza masomo na utafiti, mwenyekiti wake akiwa Santiago Ramón y Cajal, yule mtaalamu wa chembe za ubongo aliyekuwa ametoka kupata Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia. Mwaka 1912 bodi hiyo ikafungua mjini Madrid kozi za kiangazi kwa wageni, chini ya mwanaisimu Ramón Menéndez Pidal. Ng'ambo ya Atlantiki, chuo kidogo cha Middlebury katika jimbo la Vermont kilianza shule ya kiangazi ya Kijerumani mwaka 1915 na ya Kihispania mwaka 1917. Kwa kozi hiyo ya kiangazi Middlebury hawamsafirishi mtu kwenda Uhispania. Wanamtaka atie saini ahadi kwamba mpaka kozi iishe hatatamka lugha nyingine ila ile anayojifunza: darasani, bwenini, kwenye foleni ya chakula, hata akijigonga kidole mlangoni. Mtaona baadaye kwa nini nimewataja.

Salamanca nimeuchagua kwa sababu ni mji ambao umeishi kwa wanafunzi tangu chuo kikuu chake kilipoanzishwa mwaka 1218. Ulipo ni juu, kiasi cha mita 800 kutoka usawa wa bahari, kwenye uwanda mkavu wa magharibi ambako mchana wa Julai unaunguza na usiku unadai sweta. Majengo ya zamani ni ya mawe ya Villamayor, mawe laini ya rangi ya asali yanayowaka jua linapoinama. Hapa ndipo Antonio de Nebrija alipochapisha sarufi yake ya Kikastilia mwaka 1492, na wauza kozi hawaachi kulikumbusha. Watakuambia pia kwamba hapa ndipo panapozungumzwa Kihispania safi kuliko kwingine. Hayo ni maneno ya biashara. Mtu wa Bogotá au wa Sevilla hana Kihispania kichafu, kama vile mtu wa Lamu au wa Lubumbashi hana Kiswahili kichafu. Alichonacho mtu wa Salamanca ni matamshi yasiyomeza herufi za mwisho, na kwa mgeni wa wiki ya kwanza hiyo ni rehema tosha.

Wiki ya kwanza inafanana kwa wote. Jumatatu kuna mtihani wa kupimwa kiwango, na mchana majina yanabandikwa kwa daraja, kuanzia A1 hadi C2, ngazi ambazo Baraza la Ulaya lilizitangaza mwaka 2001. Kuna watakaonuna kwa kuwekwa chini. Baadaye wanapelekwa kwenye lango la chuo kikuu kutafuta chura aliyechongwa juu ya fuvu la kichwa, kwa kuwa inasemwa anayemwona bila kuonyeshwa atafaulu mitihani yake, na daima yupo mmoja anayeonyesha kwa kidole akawaharibia wenzake. Wakitaka kukutana jioni, wanakutana chini ya saa ya Plaza Mayor, uwanja uliojengwa karne ya 18, kama wanavyokutana wenyeji. Jumamosi ni basi la kwenda Segovia kuona mfereji wa Warumi, au Ávila kuona kuta. Picha zinapigwa. Hayo hayanisumbui, na kwa lugha hayaongezi kitu kikubwa.

Twende nyumbani, kwa familia inayomlaza mwanafunzi.

Nyumba ni ya kupanga, ghorofa ya tatu, mtaa usio na watalii. Saa nane na robo mchana. Vifuniko vya madirisha vimeteremshwa hadi chini, chumba kina giza la usiku, na ubaridi wa alfajiri umefungiwa humo ndani usitoroke. Mwanafunzi anaingia, anavua viatu mlangoni kwa adabu aliyofunzwa kwao, anakatiza sebuleni pekupeku. Mama mwenye nyumba anatoka jikoni na mwiko mkononi: pekupeku tena? Unataka kuugua? Vaa ndala zako! Wageni wengi wanaofikia katika nyumba za aina hii wanakumbana na ugomvi wa ndala kabla ya siku tatu kupita. Ugomvi wa pili ni wa kuoga. Maji yanachemshwa kwa gesi ya mtungi wa rangi ya chungwa, mtungi una bei, na kijana aliyezoea kuimba bafuni nusu saa atagongewa mlango. Tazameni lugha aliyokwisha kuisikia: amri, katazo, onyo, swali la kejeli. Kitabu chake kingemfikisha kwenye amri wiki ya tatu.

Mezani kuna dengu zilizopikwa na soseji nyekundu, mkate ambao haukosekani hata kwenye tambi, saladi, na tikiti la kumalizia. Kwa vijana wetu Waislamu niseme wazi kabisa: soseji ile ni ya nguruwe, na ukisema huli nyama, unaweza kuletewa mboga zenye vipande vya paja la nguruwe lililokaushwa, kwa sababu kwa wapishi wengi wa rika lile kile ni kikolezo tu. Sema neno nguruwe, liseme mapema, na uliandike kwenye fomu ya maombi kabla hujaondoka kwenu. Mama atasikitika siku mbili kisha atakukaangia mayai na viazi, na viazi vile ni vizuri.

Televisheni iko wazi. Saa tisa ni taarifa ya habari, na mwezi wa Julai, taarifa ikimalizika, wanahamia kwenye mbio za baiskeli za Tour de France, waendeshaji wakipanda milima huku nusu ya wanaoangalia wakisinzia. Mama anabishana na mtangazaji. Kijana wake wa miaka thelathini, ambaye bado anakaa nyumbani, anabishana na mama. Mgeni anaulizwa: jana ulirudi saa ngapi? Swali la kawaida la mzazi, lakini kulijibu lazima atofautishe alichokuwa akikifanya na kilichotokea, na Kihispania kina nyakati mbili za uliopita kwa ajili hiyo. Anakosea. Mama hamwambii amekosea. Anairudia sentensi ile ile ikiwa imenyooka, kama mtu anayehakikisha kwamba amesikia vizuri, kisha anaendelea: kwa hiyo ulikuwa ukirudi ulipokutana na Wajerumani wale? Mwalimu angesimamisha somo na kuchora jedwali ubaoni. Mama amesahihisha, na mazungumzo hayajakatika.

Kisha chakula kinakwisha, na hapa ndipo wageni wengi wanapopoteza pesa zao. Hakuna anayenyanyuka. Sahani zinabaki, kahawa inaletwa, makombo ya mkate yanakusanywa kwa ncha ya kidole, na mazungumzo halisi yanaanza: dada yule mgonjwa, bili ya umeme, jirani aliyeuza nyumba kwa hasara, kama binti wa fulani ataolewa au hataolewa. Wanakaa nusu saa, pengine saa nzima. Mgeni anadhani mlo umekwisha na adabu ni kuondoka. Anashukuru, anaingia chumbani, anafunga mlango, anafungua kitabu cha mazoezi kwenye sura ya vitenzi vya matakwa na mashaka. Anajaza nafasi zilizoachwa wazi wakati upande wa pili wa ukuta mama anavitumia vitenzi hivyo hivyo kuhusu ndoa ya binti wa fulani.

Hebu turudi kwenye hesabu. Saa moja na nusu za mezani mchana, saa moja nyingine usiku, kwa siku 28: hizo ni saa 70. Karibu sawa na kozi nzima, na zimo tayari ndani ya bei ya malazi. Chakula cha usiku chenyewe kinaliwa saa tatu na nusu au saa nne. Kwetu, ambako jua linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, hilo linasikika kama utovu wa nidhamu. Lakini mwanzoni mwa Julai jua la Salamanca linazama karibu saa nne usiku. Tangu mwaka 1940 Uhispania inafuata saa za Ulaya ya kati, wakati nchi yenyewe iko magharibi, usawa mmoja na London au hata kuivuka. Mwili wa mgeni unachukua kama wiki kukubali. Anayelala saa tatu usiku kwa kuwa amechoka amejinyima mlo wa pili na mazungumzo yake.

Mbona basi wengi wanarudi bila lugha?

Mwaka 2004 Barbara Freed, Norman Segalowitz na Dan Dewey walichapisha utafiti uliowashangaza watu wa fani yetu. Waliwalinganisha Wamarekani 28 waliokuwa wakijifunza Kifaransa: kundi moja darasani nyumbani, la pili limepelekwa Ufaransa, la tatu kwenye kozi ya kiangazi ya kuzamishwa ndani ya lugha, lakini hapo hapo Marekani, kwa mtindo wa Middlebury. Walioongeza zaidi ufasaha wa kuzungumza ni wa kundi la tatu. Wale waliokwenda Ufaransa walikiri kwamba nje ya darasa walitumia Kiingereza kuliko Kifaransa. Sichukui utafiti mmoja wa watu 28 kuwa msahafu, na mwaka huo huo Segalowitz na Freed walionyesha kwamba wanafunzi waliokaa muhula mmoja Alicante walipata ufasaha wa Kihispania kuliko wenzao waliobaki nyumbani. Kusafiri kunasaidia. Ninachokataa ni ile dhana kwamba hewa ya Uhispania ina vitenzi ndani yake, ukiivuta utavipata.

Ukikaa chini ya ile saa ya Plaza Mayor Alhamisi usiku utaona jinsi mtu anavyokwepa lugha iliyomzunguka pande zote. Wametoka chuo kimoja, ndege moja, na sasa wako meza moja. Wanaagiza kwa Kihispania, mhudumu anawajibu kwa Kiingereza ili ahudumie haraka, nao wanaendelea kwa Kiingereza. Simu nayo imelimaliza kabisa lile tatizo la upweke, na upweke ulikuwa mwalimu mkali. Zamani mwanafunzi aliyekosa wa kuongea naye alilazimika kwenda jikoni kumenya viazi na mama. Leo anampigia rafiki yake kwa picha kila usiku, bila malipo, na mama anamenya viazi peke yake. Simlaumu sana kijana. Wiki ya pili inachosha: mtu mzima mwenye akili zake, nyumbani anachekesha watu, hapa hawezi kueleza kwa nini kichwa kinamuuma. Ni aibu ya kila siku, na Kiingereza ni godoro lililo karibu.

Lakini programu nazo zina lao. Mama wa nyumba analipwa na shule kwa kila mgeni kwa kila usiku, na pato hilo kwa mjane mwenye vyumba viwili vitupu si dogo. Ziko shule zinazompa wageni watatu au wanne kwa pamoja, wote wa taifa moja, kwa kuwa hivyo ni rahisi kupanga. Hapo meza imekufa. Mama anaweka dengu, wageni wanaongea wao kwa wao, naye anarudi kwenye televisheni. Kama kuna jambo moja la kumwuliza mratibu kabla ya kulipa senti, ni hili: nyumbani nitakuwa na nani? Watakuonyesha bwawa la kuogelea na walimu wenye shahada. Wewe rudia swali lako.

Mtaniuliza hayo yanatuhusu nini sisi. Kwanza, Umoja wa Afrika umeviweka Kiswahili na Kihispania pamoja kwenye orodha ya lugha zake, Kihispania kikiwa ndani kwa sababu ya Guinea ya Ikweta, ambako ni lugha rasmi. Mkalimani wa pande hizo mbili hapatikani kwa urahisi. Pili, msemaji wa Kiswahili anaingia kwenye lugha ile akiwa na mtaji ambao Mmarekani hana. Irabu ni tano zile zile, zinatamkwa kama zinavyoandikwa. Sauti ya Kikastilia inayowatesa Wafaransa tunayo kwenye thamani na thelathini, na ile herufi yao yenye kimstari juu ni mwanzo wa nyanya. Kitenzi chao kinabeba mtendaji ndani yake kama chetu, wao mwishoni, sisi mwanzoni. Mmarekani anasota miezi kuelewa kwa nini baada ya kusema unataka lazima kitenzi kinachofuata kibadilike. Sisi tunasema nataka uje, tunabadilisha a kuwa e, na hatujui hata kama tumefanya kazi. Jinsia mbili za nomino hazimtishi mtu aliyekua na ngeli. Patakapotusumbua ni r yao ya kutetemesha ulimi, na viambishi vya mwisho wa kitenzi, ambavyo ni vingi kweli kweli.

Tatu, na hili ndilo ninalolijali kuliko yote, sisi tunaijua meza hiyo kutoka upande wa mwenyeji. Kila mwaka kati ya Juni na Agosti wanafunzi wanakuja Unguja kujifunza Kiswahili, kwenye taasisi ya lugha iliyokuwa ikiitwa TAKILUKI na sasa imo ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Wengine wanakwenda Arusha, wengine Mombasa. Wanalala kwenye nyumba zetu. Tunawafanyia nini? Kijana anajikongoja, naomba, naomba chumvi, kabla hajafika mwisho binti wa nyumba ameshamjibu kwa Kiingereza. Tunaona tumemwonea huruma. Au tunampa Kiswahili cha ufukweni, mambo na poa na hakuna matata, ambacho hakimsaidii akienda dukani Darajani. Mama wa Salamanca hana Kiingereza na hana haya ya kutokuwa nacho. Anasema kwa mwendo wake, akiona hukuelewa anarudia kwa maneno mengine, anaonyesha kwa mkono, na ukiomba chumvi kwa kukosea atakuacha ukosee mpaka umalize. Ukarimu wa namna hiyo unahitaji subira, na kwa hili ametushinda. Ningependa nyumba zetu zinazopokea wageni ziambiwe hivyo kabla mgeni hajashuka boti: mkimjibu kwa Kiingereza mmemlia pesa yake.

Kwa wanafunzi waliokwisha kuniuliza juu ya kwenda, niseme ya kweli. Mmarekani anaingia Uhispania kwa pasipoti yake tu na kukaa hadi siku 90. Mtanzania au Mkenya anaomba viza ya Schengen, ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90, pamoja na bima ya matibabu yenye fidia isiyopungua euro 30,000 na uthibitisho wa fedha za kujikimu. Uhispania ina ubalozi Nairobi na Dar es Salaam. Anza miezi kadhaa mapema, na barua ya shule ikitaja tarehe, anwani ya nyumba na malipo itakufaa kuliko maelezo marefu. Omba nyumba ambayo mgeni atakuwa wewe peke yako. Beba ndala.

Na ukiweza, nenda Julai, usiende Agosti. Agosti wenyeji wa Salamanca wanakimbilia pwani au kwenye vijiji vya wazee wao, maduka yanabandika karatasi mlangoni kwamba yamefungwa kwa likizo, na aliyekuwa akuuzie mkate huku akikuuliza habari za kwenu hayupo. Mama naye huenda akamfuata dada yake kijijini na kukuachia chakula kwenye jokofu, kila siku na sahani yake, yenye karatasi yenye jina lako. Kozi itaendelea kama kawaida, saa nne kwa siku, na mji utakuwa umejaa wanafunzi wageni.